Nilivyojiita Mama Wakili

Ndugu zangu wa Minneapolis na Saint Paul, na hasa nyinyi wazazi wenzangu mnaopenda vyeo, hebu tulieni niwaeleze kosa langu. Sitasema "mama mmoja" wala "jirani yangu fulani." Ni mimi, Dinah Kerubo, ninayefanya kazi katika nyumba ya wazee kule Roseville, mke wa Zadock, mama yake Fiona. Wengi wenu mnanijua. Waliokuwa kanisani ile Jumapili niliyosimama mbele walisikia robo tu ya mambo yenyewe, maana nilianza kulia kabla sijafika katikati. Leo sitalia. Nitasema yote.

Mambo yalianza kwa furaha. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa sita, jua limetoka vizuri, na nyuma ya nyumba yetu Zadock alikuwa anachoma nyama huku amevaa aproni yangu ya maua. Fiona, mtoto wetu wa pekee, alikuwa amemaliza miaka minne ya chuo kikuu. Tulimvisha joho lake tena ingawa sherehe ya chuo ilikuwa imepita wiki tatu, tukamwekea mashada ya kumetameta shingoni kama tunavyofanya nyumbani Kenya, mpaka akawa haonekani kidevu. Kwaya iliimba. Keki ilikuja, nami ndiye niliyekuwa nimeiagiza, na juu yake iliandikwa: HONGERA WAKILI FIONA.

Fiona aliisoma ile keki, akanigeukia. "Mum," akaninong'oneza, "mbona umeandika hivyo?"

"Nyamaza, kata keki," nikamwambia. "Watu wanapiga picha."

Mchungaji Harrison akainua glasi yake ya soda akasema, "Bwana asifiwe! Kanisa letu lina madaktari, lina wauguzi, lina mainjinia. Leo Mungu ametupa wakili!" Watu wakapiga makofi na vigelegele. Mimi nilipiga kuliko wote.

Sasa niwaeleze kosa lilitoka wapi, kwa sababu mwanzoni halikuwa uongo. Lilikuwa ujinga. Kwetu Kenya mtoto akimaliza fomu foo na alama nzuri, anaingia chuo kikuu moja kwa moja kusomea sheria. Miaka minne, kisha anaongeza muda kidogo katika shule ya mawakili na mazoezi ya kazi, basi. Binamu yangu alifanya hivyo. Kwa hiyo Fiona aliposema tangu akiwa mdogo kwamba anataka kuwa wakili, halafu akasoma chuo miaka minne, mimi nilihesabu miaka nikaona imetimia. Sikuuliza alikuwa anasomea nini hasa. Nilikuwa nafanya zamu mbili, Zadock yuko barabarani na lori. Nilijua tu mtoto anasoma.

Kesho yake asubuhi Fiona alinikalisha jikoni. Watoto wetu hawa, unaongea nao Kiswahili wanakujibu Kiingereza, lakini siku hiyo alijilazimisha kusema Kiswahili ili nisije nikasingizia kwamba sikuelewa.

"Mum, mimi si wakili."

"Utakuwa, mwanangu."

"Nitakuwa na niko ni vitu viwili tofauti. Nimesomea mambo ya siasa. Hapa Amerika hakuna mtu anayeanza chuo na sheria. Unasoma kwanza miaka minne kitu chochote. Halafu kuna mtihani wa kuingia shule ya sheria. Ukipita, unasoma miaka mitatu. Halafu kuna mtihani wa jimbo, wa siku mbili, ndio unapewa leseni. Na kabla hawajakupa leseni wanakuchunguza tabia. Wanauliza ulidanganya nani, lini, na kwa nini."

"Sasa huo mtihani wa kuingia si uufanye tu?"

Akaangalia kikombe chake. "Niliufanya mwezi wa pili. Sikupata alama nzuri. Nitarudia. Kwa sasa nimepata kazi ya kupokea simu kwenye ofisi ya bima."

Kupokea simu! Nikaona sura za watu wote waliokula keki yangu. Pale pale ningechukua simu nimwambie Mchungaji, "Tulikosea, bado mtoto anasoma." Dakika mbili, basi, na watu wangecheka kidogo wasahau. Badala yake nilimwambia Fiona, "Wacha, nitawaeleza polepole." Sikumweleza mtu hata mmoja.

Maana kwa wakati huo jina lilikuwa limeshanikaa. Mama Wakili! Ndugu zangu, mimi miaka kumi na saba hapa nilikuwa ni Mama Fiona anayeogesha wazee. Sasa nikiingia kanisani napishwa kiti cha mbele. Kikundi cha akina mama kikibishana, mtu anasema, "Ngoja tumsikie Mama Wakili." Nami nilikuwa najibu! Mtu ananiuliza habari ya mwenye nyumba anayemsumbua, nakunja uso, nasema, "Nilizungumza na Wakili, akasema usiwe na haraka." Fiona hata hajui kuna mwenye nyumba. Na wewe unayecheka, subiri kidogo.

Mwezi wa nane, baada ya ibada, alinijia mama wa Kikongo anayeitwa Mukandayisenga. Sisi tulimwita Mama Héritière, kwa jina la binti yake wa miaka kumi na mitatu aliyekuja naye. Walikuwa wakimbizi kutoka Masisi, wakapita kambi za Uganda, wakaletwa hapa Minneapolis, na walikuwa wanakaa mtaa wa Phillips, si mbali na kanisa. Ni mama mpole, mrefu, anaongea kile Kiswahili chao cha Kivu kilichochanganyika na Kifaransa. Siku hiyo alikuja karibu anakimbia.

"Mama Wakili," akasema, akanishika mikono yote miwili. "Mutoto wangu iko hai."

Akanieleza. Walipokuwa wanakimbia, mtoto wake wa kiume, Heri, alikuwa na miaka mitano. Alikuwa amebebwa na shangazi yake. Risasi zililia, kila mtu akashika njia yake, na shangazi hakuonekana tena. Walimlia Heri wakajua amekufa. Lakini kambini, alipohojiwa, Mama Héritière hakukubali kumfuta. Alitaja jina lake, likaandikwa kwenye faili. Na sasa, baada ya miaka mitatu, jirani wao wa zamani alikuwa amemkuta mtoto katika kambi nyingine huko huko Uganda, analelewa na bibi mmoja aliyemwokota njiani.

"Minamuona na macho yangu ku telefone," akasema. "Iko na ile alama ya kidonda ku paji. Ni yeye. Balinipatia ma papiers ya kumuombea akuje. Balisema nitafute avocat, ni wakili. Miye nikasema, avocat tuko naye hapa ku église, ku kanisa yetu! Mungu iko muzuri, Mama."

Akanikabidhi bahasha ya kaki, nzito, imefungwa na utepe wa nywele wa Héritière. Nikaipokea kwa mikono miwili. Nikamwambia, "Usijali, Mama. Nitampa Wakili leo leo."

Na nilimpa, haki ya Mungu. Jioni hiyo Fiona alifungua ile bahasha juu ya meza ya chakula. Alisoma karatasi moja moja. Kisha akainua macho.

"Mum, hii si mchezo. Mkimbizi ana miaka miwili tangu siku aliyotua Amerika kuomba mtoto wake amfuate. Miwili tu. Huyu mama alitua mwezi wa tatu mwaka jana. Kwa hiyo mwisho wake ni mwezi wa tatu unaokuja, tarehe kumi na nne."

"Basi si iko miezi saba? Jaza tu. Unajua Kiingereza."

"Siwezi kuigusa! Mimi sina leseni. Nikijaza vibaya, ni mtoto wa mtu. Na ni makosa kisheria kujifanya wakili. Lakini sikia, kuna mawakili wanaofanya hii kazi bure kabisa, na fomu yenyewe haina ada. Shirika lililowapokea linaweza kuwaelekeza." Akaandika namba ya simu kwenye karatasi ya njano, akaandika na ile tarehe, akaibandika juu ya bahasha. "Mrudishie Jumapili, Mum. Mwambie ukweli. Niahidi."

Nikamwahidi. Fiona aliniamini, kwa sababu hakuwa amewahi kuona mama yake akivunja ahadi.

Jumapili nilikwenda na bahasha mkobani. Baada ya ibada tukawa ukumbini, chai inamiminwa, mandazi yanapita. Nilikuwa nimesimama na akina mama watatu, na mmoja wao alikuwa Jedidah. Mnamjua Jedidah, mwenyekiti wetu. Hakuna jambo linalompita. Na Jedidah alikuwa ameanza kunusa. Alikuwa ameniuliza dakika hiyo hiyo, mdomo umejaa andazi, "Eti Fiona alisomea sheria shule gani vile? Mtoto wa dada yangu anatafuta."

Kabla sijajibu, Mama Héritière akafika. "Mama Wakili, avocate alisema nini?"

Mkono wangu ulikuwa tayari ndani ya mkoba. Nilikuwa naigusa ile bahasha kwa vidole. Jedidah aliacha kutafuna, akaniangalia. Ningesema, "Mama, binti yangu si wakili, chukua karatasi zako, namba hii hapa." Maneno hayo hayazidi pumzi moja.

Nikasema, "Anaishughulikia."

Mama Héritière akainama akanibusu mkono. Jedidah akarudi kwenye andazi lake. Nami nilikwenda nyumbani nikaweka bahasha kwenye droo ya chini, chini ya sare zangu za kazi, nikajiambia ni mpaka wiki ijayo tu.

Mnajua wiki ijayo ilivyo. Wiki ijayo nilikuwa na zamu. Nyingine theluji ilianguka. Nyingine Mama Héritière alikuwa amezungukwa na watu. Na kadiri nilivyochelewa ndivyo ilivyozidi kuwa ngumu, maana sasa sikuwa wa kueleza tu kwamba Fiona si wakili. Nilikuwa wa kueleza pia kwa nini nilikaa na karatasi mwezi, miezi miwili, mitatu. Uso ningeuweka wapi? Kila Jumapili ananiuliza, maana Fiona alikuwa anasali na wenzake wa chuo, nami namjibu, "Mambo ya serikali yanaenda polepole, Mama." Fiona akaniuliza mara moja tu, "Ulimrudishia yule mama?" Nikamwambia ndiyo. Nilimwambia huku nakunja nguo, bila hata kusita. Nikashangaa ulimi wangu ulivyokuwa mwepesi.

Mwezi wa kwanza Mama Héritière akanikaribisha kwake Phillips, nile sombe, yale majani ya muhogo. Nikatafuta sababu ya kukataa nikakosa. Tulipomaliza kula akashika simu. "Ngoja nikuoneshe mutu." Picha ikaja, ikakatika, ikaja tena. Mtoto wa miaka minane, kichwa kimenyolewa, macho makubwa, na nyuma yake bibi amelala kwenye mkeka.

"Salimia," mama yake akamwambia. "Huyu ndiye mama ya avocate."

Yule mtoto akasogeza uso karibu na simu, akasema, "Shikamoo, Mama Wakili."

Jameni. Hakuna aliyewahi kuniita hivyo kwa adabu kama ile.

"Marahaba, mwanangu."

"Nitakuja lini? Bibi anaumwa. Anasema anataka anione nikienda."

Nikamwambia, "Karibuni." Nilimtazama machoni yule mtoto nikamwambia karibuni, na bahasha yake iko chini ya sare zangu nyumbani, na miezi miwili imebaki. Tafadhalini msiniambie kwamba kila mtu hukosea. Kule si kukosea.

Nilitoka pale nimeamua. Nilikaa garini, nikaipigia ile namba ya karatasi ya njano. Ikapokelewa na mashine: leo ni sikukuu, ofisi imefungwa, acha ujumbe. Nikakata. Nikajiambia angalau nimejaribu, nikawasha gari nikaenda zangu. Sikupiga tena. Tarehe kumi na nne ya mwezi wa tatu niliomba zamu mbili za mfululizo ili nisipate nafasi ya kufikiri. Niliogesha wazee kumi na mmoja siku hiyo.

Njia ya mwongo ni fupi. Wiki tatu baadaye, mfanyakazi wa lile shirika lililowapokea, Mkongo mwenzao aitwaye Bagalwa, alimtembelea Mama Héritière kumalizia faili lake. Akamuuliza, "Na ile ombi ya Heri, mulituma?" Mama Héritière akajibu kwa fahari, "Ilienda zamani. Iko na avocate Fiona." Bagalwa akaomba namba ya huyo wakili; Mama Héritière hakuwa nayo, wakaipata kwa vijana wa kanisani. Akampigia Fiona kazini kwake, pale kwenye ofisi ya bima; Mama Héritière akamsalimia kwanza, na Fiona akasema atawarudia.

Fiona alifika nyumbani saa saba za mchana, na kazi yake ilikuwa inaisha saa kumi na moja. Zadock alikuwepo, amerudi na lori asubuhi. Fiona hakusalimia.

"Mum, bahasha iko wapi?"

Nikasema, "Bahasha gani?" Ndiyo, nilisema hivyo. Hata pale.

Alikwenda chumbani kwangu, nikasikia droo zinafunguliwa moja baada ya nyingine. Akarudi nayo. Ule utepe wa nywele ulikuwa bado umeifunga kama siku ileile, na karatasi ya njano iko juu, na tarehe kwa mwandiko wake. Alikaa chini sakafuni.

"Uliniambia ulimrudishia."

"Fiona mama, nilitaka..."

"Umetumia jina langu," akasema, na sasa alikuwa analia. "Huyo mama amekuwa akiniombea kila siku, kanisani na nyumbani kwake. Ameniambia kwenye simu. Anasema, 'Avocate, minakuombeaka kila siku.' Mum, mimi napokea simu za bima!"

Zadock ni mtu wa maneno machache. Alisimama mlangoni akasikia yote. Nilifikiri atanipigia kelele, na kusema kweli ningependelea hivyo. Akasema tu, "Vaa viatu. Twende tukamwambie."

Tulikwenda wote watatu. Mama Héritière alitufungulia akiwa anatabasamu, akafikiri tumeleta habari njema. Alikimbia kuweka maji ya chai. Nilimwita arudi akae, nikaweka bahasha mapajani mwake, nikamwambia. Nilimwambia Fiona hajasomea sheria. Nilimwambia Fiona alinipa karatasi nizirudishe siku ileile ya kwanza, na mimi nikazificha. Nilimwambia tarehe imepita.

Hakupiga kelele. Alifungua ule utepe, akatazama karatasi kana kwamba huenda zimebadilika. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kweli kujua:

"Mama Fiona, kusema 'hapana' inalipishwaka? Ungeniambia tu 'hapana.' Siku moja. Ningeenda kwa mwingine."

Mficha uchi hazai, wahenga walisema, lakini hawakusema kwamba mwingine anaweza kuficha uchi wake na wewe ndiye ukakosa mtoto. Héritière alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba, anatusikiliza. Ndiye aliyezima jiko.

Bagalwa alitupeleka kwa wakili wa kweli, mmoja wa wale wasiolipwa na wateja. Tukaingia ofisini, na nyuma ya meza alikuwa amekaa Wairimu. Nikataka sakafu inimeze. Wairimu alikuwa anasali na sisi miaka minne, kiti cha nyuma kabisa. Sisi akina mama tulimjua kama yule dada anayebaki kuosha vikombe. Kumbe alikuwa wakili Nakuru kabla ya kuja, akafika hapa akaambiwa aanze shule upya. Akaanza. Mchana darasani, wikendi anaogesha wazee kama mimi. Hakuna siku alijiita wakili mpaka alipopata leseni ya jimbo, na alipoipata hakutangaza. Nilimuuliza kwa nini hakutuambia. Akasema, "Hamkuniuliza, Mama. Na mlikuwa na wakili tayari." Hakusema kwa ubaya.

Akatueleza kwamba mlango umefungwa, ila kuna tundu dogo: serikali inaweza kuongeza muda kwa sababu za kibinadamu, ikitaka. "Lakini lazima tueleze ukweli kwa nini mlichelewa. Kwa kiapo. Nani ataandika?"

"Mimi," nikasema.

"Na mimi," Fiona akasema.

Wairimu akamgeukia. "Dada, wewe unataka kuingia shule ya sheria. Ujue siku ya kuomba leseni wataiona karatasi hii. Watauliza kwa nini watu waliamini wewe ni wakili, na kwa nini uliacha waamini."

Fiona akavuta kiti karibu na meza. "Nilikata ile keki," akasema. "Niliisoma, nikajua si kweli, na nikaikata. Andika."

Ilinichukua siku tatu kuandika kurasa mbili. Jumapili iliyofuata nikaomba nafasi ya ushuhuda. Mchungaji akatangaza, "Karibu Mama Wakili!" Nikasema, "Hapana, Mchungaji," na hilo ndilo lililokuwa neno langu la kwanza la kweli katika kanisa lile kwa miezi kumi. Mengine mliyasikia. Jedidah ndiye aliyenishika nisianguke.

Tulingoja miezi tisa. Katika miezi hiyo yule bibi alifariki. Heri akahamia kwa jirani mwenye watoto sita. Kisha jibu likaja kutoka serikalini, ukurasa mmoja na nusu. Wairimu alitusomea. Walisema wamesoma maelezo yetu, wamesikitika, lakini sababu iliyotolewa haitoshi kuongeza muda. Ombi limekataliwa.

Sababu iliyotolewa ilikuwa ni mimi.

Ipo njia nyingine, na Wairimu amekwisha kuianza, lakini hiyo ina foleni ya miaka. Hakuna anayejua mingapi. Heri sasa ana miaka kumi. Mama Héritière hasali nasi tena; amehamia kanisa la Wakongo. Tukikutana dukani ananisalimia vizuri, anauliza habari za Zadock, kisha anasukuma toroli lake. Ningefurahi kama angenitukana.

Fiona amehama, anakaa Saint Paul na rafiki yake. Anajiandaa kurudia mtihani wa kuingia shule ya sheria. Kila Alhamisi, akitoka kazini, anajitolea kwenye ofisi ya Wairimu kupanga mafaili na kutafsiri, na shingoni anavaa kitambulisho kilichoandikwa "Mfanyakazi wa Kujitolea." Juzi aliniambia kwa simu, "Mum, ukiulizwa ninafanya kazi gani, sema ninapokea simu. Sema hivyo tu." Nikamwambia sawa. Na ndivyo ninavyosema.

FUNZO

Wazazi wenzangu, mtoto anayesoma ni mwanafunzi. Hakuna aibu katika neno hilo. Msimvishe cheo kabla hajakifikia, kwa sababu mtu mwenye shida hatamuuliza cheti. Atamletea mtoto wake. Muulize mwanao anasomea nini, kwa miaka mingapi, na baada ya hapo kuna nini. Keti usikilize mpaka mwisho hata kama umechoka na zamu. Mimi sikuuliza, kisha nikaona aibu ya kusahihisha, na sasa nina aibu ambayo haina dawa.

Nanyi vijana, mtu akikuita wakili, au daktari, au nesi, na wewe hujawa, mkatize papo hapo, hata kama ni mama yako, hata kama kamera inapiga. Na nyinyi ndugu mlio wageni, mwenye leseni haoni vibaya kuombwa aioneshe. Anayekasirika ukimwomba, chukua karatasi zako uondoke.

Cheo ni dhamana, wala si pambo la kuvaa kanisani. Hilo nililisikia tangu utotoni, nikaimba na nyimbo zake, lakini sikulielewa mpaka nilipoona jina langu kwenye barua ya kumkatalia mama mtoto wake.

La mwisho. Najua siko peke yangu. Kuna mtu ananisikiliza hapa ana karatasi za mwenzake nyumbani: kwenye droo, juu ya friji, ndani ya gari. Alisema atasaidia, akaona hawezi, akaona haya kusema. Usingoje Jumapili, na usitafute maneno mazuri, hayapo. Kamrudishie leo, umwambie "hapana," aende kwa mwingine wakati bado kuna siku.